Taa za Nyuma za Mwalimu

Mwalimu aliyenifundisha udereva alikuwa mtu wa polepole kuliko wote niliowahi kuona wakishika usukani. Pale Dagoretti Corner, mahali ambapo hata mtu wa mkokoteni anapiga kelele ili apishwe, gari lake dogo jeupe lenye kibao cha L lilitembea kama limebeba mayai. Matatu zilitupita. Bodaboda zilitupita kushoto na kulia kwa wakati mmoja. Siku moja tulipitwa na mzee aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye gunia la makaa. Alisimama, akainama dirishani na kutuuliza kama tumeishiwa mafuta.

"Hatujaishiwa, mzee," Mwalimu alimjibu kwa heshima. "Tunajifunza."

Na ni mtu huyu huyu ambaye, kabla sijamjua, alishindana mbio na ndege ya jeshi.

Sijui niliseme vipi jambo hilo, kwa sababu nimelisikia kwa njia nyingi na mpaka leo halijakaa sawa kichwani mwangu. Nitaanza na yale ninayoyajua kwa hakika.

Kila asubuhi, kabla mwanafunzi yeyote hajagusa ufunguo, Mwalimu alizunguka nyuma ya gari na kusimama wima kama anayesubiri kupigwa picha.

"Kanyaga!"

Mwanafunzi alikanyaga breki. Mwalimu aliinama akatazama taa ya kushoto, akatazama ya kulia, kisha akainua vidole viwili juu ya kofia yake ya sufu.

"Zote mbili!"

Hapo ndipo somo lilianza. Mvua inyeshe, jua liwake, hakuliacha zoezi hilo. Tulikuwa na mwenzetu mmoja, Otis, kijana mwenye mdomo, aliyekuja kujifunza ili aendeshe gari la mjomba wake la kubeba mchanga. Otis hakuweza kuvumilia.

"Mwalimu, hizi taa zilikuwa zinawaka jana. Unafikiri zimehama?"

"Jana ni jana."

"Lakini si gari ni ile ile?"

"Taa zako za nyuma huwezi kuziona wewe mwenyewe, Otis. Lazima mtu mwingine akwambie."

Otis alinigeukia akazungusha kidole kando ya sikio, kuonyesha kwamba mzee ameruka waya. Mimi nilitazama chini. Sikuwa mtu wa kujibu haraka, na labda ndiyo sababu Mwalimu alinipenda. Alisema mwanafunzi anayeongea sana huendesha gari kwa mdomo.

Neno lake lingine lilikuwa "kioo kwanza". Kabla ya kugusa indiketa, kioo kwanza. Kabla ya breki, kioo kwanza. Alilisema mpaka likamwingia mwilini, kwani hata alipotaka kuinuka kwenye benchi la kibanda cha chai aligeuka kutazama nyuma, kama kwamba kuna lori linakuja kati ya meza. Mke wake, ambaye wanafunzi wote tulimwita Mama, alisema siku ya harusi ya binti yao alifanya hivyo hivyo kanisani akiwa amemshika bibi harusi mkono, na watu wote wa mbele wakageuka kuangalia ni nani ameingia.

Upande wake wa gari kulikuwa na pedali ya pili ya breki, kama ilivyo kwa magari mengi ya shule za udereva. Mguu wake wa kulia uliishi juu ya pedali ile. Hakuikanyaga ovyo. Lakini ulikuwa hapo, ndani ya kiatu cheusi kilichopakwa rangi vizuri.

"Mwalimu, hutuamini?" Otis alimuuliza.

"Nyinyi nawaamini. Hii breki si yenu. Ni ya uoga wangu."

Alikuwa anasema mambo kama hayo halafu ananyamaza, na wewe unabaki hujui kama ni mzaha.

Mtu huyu mpole wa barabarani hakuwa mpole kwenye sahani. Chapati ya moto aliimaliza kabla mimi sijapoza chai. Siku za Jumapili alivaa koti la kung'aa na kuelekeza magari nje ya kanisa, na hapo alikuwa mkali kama askari. Niliwahi kumwona akimrudisha nyuma mzee wa kanisa mara tatu mpaka gari lake likakaa sawasawa na mstari. Na alipenda sauti ya injini kubwa. Gari la kasi likipita Barabara ya Ngong, moshi ukilia, sisi tulidhani atalaani. Alifunga macho. Lilipopotea alisema, "Amebadilisha gia mapema," kwa huzuni kidogo, kama mtu aliyesikia wimbo ukiimbwa vibaya.

Otis alikuwa na video nyingi kwenye simu, na zile alizozipenda zaidi zilikuwa za nchi za mbali ambako magari ya kifahari hushindanishwa na ndege za kivita. Gari na ndege vinasimama sambamba kwenye barabara ya kurukia, bendera inashuka, moto unatoka nyuma ya ndege. Mwanzoni gari linachomoka na kuiacha ndege kama imesimama. Halafu ndege inaanza kuvuta, inavuta, na mahali fulani katikati inalipita gari na kuondoka zake angani. Tulibishana sana kwenye kibanda. Otis alisimama upande wa gari. Mama wa chai, mwenye kibanda, alisimama upande wa ndege, akasema kitu kinachoruka hakiwezi kushindwa na kitu kinachonunuliwa matairi.

"Mwalimu, cheki hii. Sema nani atashinda."

Mwalimu alivaa miwani. Nilimwangalia yeye badala ya simu. Macho yake hayakufuata ndege.

"Rudisha nyuma," alisema. "Rudisha. Hapo. Simamisha. Mmeona nyekundu?"

"Nyekundu gani?"

"Taa za breki. Huyu wa gari ameshika breki."

"Si ameshapitwa, Mwalimu? Angefanya nini?"

"Ameshika akiwa amepitwa, ama kabla hajapitwa?"

Otis alirudisha video mara nyingi. Mara ilionekana kabla, mara ilionekana baada. Picha ilikuwa imepigwa kutoka pembeni na huwezi kujua. Mwalimu alivua miwani, akairudisha mfukoni, akalipa chai yake na kuondoka bila kugeuka nyuma kwanza. Ni siku pekee niliyomwona akisahau.

Hadithi yenyewe Mwalimu alinisimulia tukiwa mtaa wa Muthangari. Tulikwenda huko kufanya mazoezi ya kuegesha, kwa kuwa kuna barabara zenye kimya na miti, na walinzi wa mageti walituzoea. Nilikuwa nimefaulu kuingiza gari kinyumenyume kati ya mitungi miwili ya plastiki. Badala ya kunisifu alizima injini.

Alisema alipokuwa bado kijana wa gereji alikuwa dereva wa mbio za magari za wikendi. Hakuwa maarufu, alikuwa mtu wa kuazima gari na kulirudisha likiwa zima. Kulikuwa na maonyesho makubwa kwenye uwanja mmoja wa ndege za jeshi nje ya jiji, watu walialikwa na familia zao, na waandaaji walitaka kitu cha kuchangamsha wageni. Wakasema gari lishindane na ndege ya mafunzo. Gari lilikuwa la Kijapani, la buluu, limefunguliwa injini na kufungwa upya. Wakalitoa vioo vya pembeni ili upepo usilishike.

"Vyote?" nilimuuliza.

"Vyote. Hata cha ndani."

Kabla ya kuanza, mtu mmoja mwenye beji ya waandaaji alimjia, akainama dirishani na kumwambia kwa sauti ya chini: ukikaribia jukwaa la wageni, iachie ndege. Wageni wamekuja kuona ndege. Mwalimu akajibu ndiyo. Mdomo wake ndio uliojibu, akasema, lakini moyoni alikuwa ameamua hataachia kitu. Alitaka kumaliza barabara yote, ashinde au ashindwe kihalali.

"Bendera ikashuka. Nikaondoka. Kijana, sijawahi kuondoka vile tena. Ndege ilikuwa kushoto kwangu na nikaiacha. Halafu nikasikia kelele. Kelele haikutoka nyuma wala mbele, ilikuwa kila mahali, ndani ya meno. Helmeti imenibana, kioo hakuna. Jukwaa likaja. Na nilipoiona ndege ilikuwa mbele yangu, tena juu, tumbo lake lote naliona. Nikatazama chini. Mguu wangu ulikuwa kwenye breki."

Mlinzi wa geti lililo karibu alikuwa akisikiliza redio.

"Sasa niambie wewe. Nilikanyaga baada ya kupitwa, ama nilikanyaga kabla? Kama ni baada, nimeshindwa na ndege, na hakuna aibu kushindwa na ndege. Kama ni kabla, basi nilikuwa mbele na nikamtii yule mtu wa beji. Mguu wangu ulimtii na mimi sikuambiwa."

Nilisema, "Si ilikuwa ni mchezo tu, Mwalimu?"

"Washa gari," akasema. "Kioo kwanza."

Tangu siku hiyo nilianza kuwasikiliza wengine wakisimulia walivyoambiwa, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa zaidi. Wale wa kuosha magari karibu na stendi walidai Mwalimu aliwaambia ndege ilishinda kwa mbali. Kanisani, alipotoa ushuhuda, alisema alikuwa mbele na Mungu akamwonyesha anyenyekee. Otis aliambiwa hakuna aliyeshinda. Mtu ambaye hakuwahi kusema uongo hata kuhusu kilomita za gari lake aliligawa jambo moja kwa watu mbalimbali, na kila mtu akapata lake. Nilidhani ni ujanja. Siku hizi naona kama alikuwa anazijaribu hadithi hizo, kama mtu anavyojaribu viatu, aone ni kipi kitamtosha.

Mama ndiye aliyekuwa na hadithi fupi kuliko wote. "Alirudi nyumbani amenyamaza. Nikamuuliza, baba, nani ameshinda? Akasema, nipe chai. Mpaka leo nampa chai."

Kuna siku moja ya mjini ambayo siwezi kuiacha. Mwalimu aliamini kwamba hujawa dereva mpaka uingie raundabauti ya katikati ya jiji asubuhi, magari yakiwa yamejaa, utoke upande ule uliokusudia. Ilikuwa wiki ya maandalizi ya sikukuu ya taifa, na ndege za jeshi zilikuwa zikifanya mazoezi juu ya jiji. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye usukani. Nilikuwa nimeingia vizuri, hata nilikuwa nimeanza kujivuna, basi kubwa liko kushoto, teksi kulia, wakati ndege zilipopita chini juu ya majumba. Madirisha yalitetemeka. Na gari likasimama kabisa katikati ya raundabauti, kana kwamba limegonga ukuta.

Honi zililia kutoka pande zote. Kondakta wa basi alitoa kichwa. "Wewe kijana! Rudisha hiyo gari kwa mamako!"

Askari wa trafiki alikuja mbio, mkono kiunoni. "Dereva ni nani hapa? Nani ameshika breki?"

Mguu wangu ulikuwa umekaa juu ya pedali ya mafuta, nilikuwa na hakika, kisha sikuwa na hakika. Labda niliogopa nikakanyaga. Nilimtazama Mwalimu. Uso wake ulikuwa umelowa jasho, na macho yake yalikuwa juu, kwenye kipande cha anga kati ya majengo.

"Ni mimi, afande," alisema. "Huyu mwanafunzi hana makosa. Ni mimi."

Askari alimtazama mzee mwenye kofia ya sufu, akatazama kibao cha L, akacheka. "Mwalimu mwenyewe ndiye wa kufundishwa! Haya, toeni hiyo kitu." Tulipotoka tulisimama kando ya barabara mpaka honi zikaisha. Nilitaka kumuuliza kama kweli ni yeye au alinifunika tu. Sikumuuliza. Nadhani hata yeye asingeweza kuniambia.

Nilipata leseni. Nilipata na kazi, kuendesha gari la kupeleka maji ya kunywa ya mitungi kwenye nyumba za watu, Lavington, Westlands, mpaka Kitisuru. Nilikuwa nikimpitia Mwalimu mara kwa mara. Kila nilipofika alinifanya nikanyage breki ya gari la kazi, azunguke nyuma, ainue vidole. Kisha siku moja alizunguka akichechemea. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemshika mguu. Kidonda kidogo cha kisigino, alisema, kitapona. Hakikupona. Kiatu cheusi kikawa ndala, ndala ikawa bendeji. Alipoanza kusema hasikii vidole vyake vya mguu wa kulia, Mama alimkataza kuendesha, na gari jeupe likakaa uani na kibao chake cha L.

Ni wakati huo nilipopeleka maji kwenye nyumba moja ya Kitisuru, nyumba ya mzee mstaafu ambaye wafanyakazi wake walimwita Kepteni. Nilibeba mtungi kuelekea jikoni, na kwenye ukuta wa njia ya kuingilia nikaona picha kubwa imewekwa kwenye fremu. Ndege ya kijivu imesimama kwenye lami. Kando yake gari la buluu, limepigwa kutoka mbele, halina vioo, kama kichwa kilichokatwa masikio. Nilisimama hapo na mtungi begani mpaka msichana wa jikoni akaniuliza kama nimelala, kisha akaniambia kwamba ndege ile Kepteni aliirusha mwenyewe.

Nilichukua siku kadhaa kabla ya kumwambia Mwalimu. Niliogopa. Nilifikiri, mtu anaishi na swali lake, amelizoea, na wewe unamletea jibu nyumbani bila kumuuliza. Lakini nilikwenda, na nilimkuta kwenye kiti, mguu umeinuliwa juu ya stuli, na Mama akaniambia kabla sijakaa: "Alhamisi wanaukata. Chini ya goti."

Nilimwambia basi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Rubani alikuwa nyuma yangu," alisema, polepole. "Kama nilikanyaga kabla hajanipita, aliona taa zangu. Kama nilikanyaga baada, hakuona kitu." Akamgeukia mke wake. "Mama, nipe kiatu."

"Kiatu gani, baba? Mguu hauingii."

"Basi nipe cha kushoto."

Tulikwenda na gari lake jeupe, mimi nikiwa kwenye usukani na yeye mahali pake pa siku zote, mguu uliofungwa bendeji chini, juu ya ile pedali. Kabla ya kuondoka alitaka kuzunguka nyuma aangalie taa. Mama alikataa, akaenda yeye. "Zote mbili!" alipaza sauti, na jirani akafungua dirisha kuona kuna nini.

Kepteni alikuwa mtu mwembamba mwenye sweta la vifungo na mbwa mzee. Nilikuwa nimemwomba ruhusa siku iliyotangulia, nikigugumia mlangoni. Alimpokea Mwalimu kama mtu aliyesoma naye.

"Karibu, karibu! Ni wewe ulikuwa kwa ile gari? Ulitoka kama risasi, bwana. Nilisema, leo nitachekwa na kambi nzima."

"Ni mimi, Kepteni."

"Upepo ulikuwa unatoka mbele siku hiyo. Na kulikuwa na mtoto amepanda juu ya uzio, unakumbuka?"

Mwalimu hakumkumbuka mtoto. Chai ililetwa. Waliongea kuhusu uwanja, kuhusu lami iliyokuwa na nyufa, kuhusu sherehe siku zile. Nilikaa ukingoni mwa kiti nikishika kikombe kwa mikono miwili. Nilijua Mwalimu anazunguka kama anavyozunguka gari asubuhi. Mwishowe akaweka kikombe chini.

"Nina swali moja tu. Kabla hujanipita, uliona taa zangu za breki?"

Kepteni alimtazama Mwalimu usoni, kisha nikaona macho yake yakishuka mpaka kwenye bendeji, yakakaa hapo.

"Huo mguu una nini?"

"Sukari. Wanaukata Alhamisi."

"Pole sana, bwana."

"Asante. Uliziona?"

Mbwa alijigeuza kwenye zulia. Kepteni alisugua goti lake.

"Niliziona," alisema. "Ndiyo. Niliziona zikiwaka mbele yangu."

Kifua cha Mwalimu kilishuka, polepole, kama tairi linalotolewa upepo. Nilimtazama nione kama ni furaha au ni uchungu. Alikuwa mbele, basi. Alikuwa mbele, na aliachia. Sikujua ni lipi kati ya hayo mawili alilolitaka, na nilipotazama uso wake niliona kama yeye pia alikuwa anangoja kujua. Mambo yangeweza kuishia hapo. Tungeaga na kwenda.

"Zote mbili?" Mwalimu akauliza.

"Zote mbili," Kepteni akasema, na akatabasamu, kama mtu anayeongeza kijiko cha sukari kwenye chai ya mgeni. "Nyekundu kabisa."

Mwalimu alitikisa kichwa kukubali. Alishukuru. Alimpa mkono, akasifu mbwa, akaniegemea bega mpaka kwenye gari. Ni baada ya kutoka getini ndipo alipozungumza.

"Ile gari ilikuwa na taa moja."

"Ile ya mbio?" nilimuuliza.

"Asubuhi ile tukiishusha kwenye lori iligonga ubao. Taa ya kushoto ikavunjika. Tukafunika na mkanda mweusi, tukasema nani ataangalia." Alisugua uso kwa kiganja. "Sikutaka kumtega, kijana. Nimeuliza kwa mazoea. Mdomo umeuliza wenyewe. Kama ningefunga mdomo pale aliposema aliziona, ningelala vizuri leo."

"Kwa hivyo alikudanganya?"

"Sijasema hivyo. Mtu anaweza kuona moja kwa mbali, miaka ipite, aikumbuke mbili, kwa sababu magari yana mbili. Ama hakuona kitu akanihurumia. Na kama alinihurumia, alifikiri nataka kusikia nini? Mimi mwenyewe sijui nilitaka kusikia nini."

Niliendesha. Barabara za Kitisuru zinateremka na kupanda katikati ya miti mikubwa, na mchana ule mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kukawa na giza la mvua. Gari jeupe kubwa lilikuwa limetufuata tangu kona ya pili, likitaka kupita. Sikuongeza mwendo. Nilikuwa nikiendesha kama alivyonifundisha.

Halafu gari letu likaanza kupungua mwendo.

Mguu wangu ulikuwa juu ya mafuta. Niliusikiliza, nikauhesabia vidole ndani ya kiatu. Ulikuwa juu ya mafuta. Nikatazama kioo kwanza, na kwenye boneti nyeupe ya gari lililokuwa nyuma nikaona wekundu umeangukia, kushoto na kulia. Dereva alipiga honi.

Mwalimu aliinua kichwa. "Kuna nini mbele?"

"Hakuna kitu, Mwalimu."

Alitazama barabara tupu. Kisha akatazama chini, gizani, pale mguu wake ulipokuwa, kama mtu anayetazama ndani ya kisima.

"Huu mguu siusikii kabisa," alisema. "Niambie ukweli. Ni nani ameshika breki? Ni wewe ama ni mimi?"

"Ni mimi, Mwalimu," nilisema.

Alinigeukia.

"Basi achilia," akasema.

Sikuwa na kitu cha kuachilia. Nilitoa mguu wangu kwenye mafuta ili angalau nifanane na mtu anayetii, na gari likaenda likisinzia mpaka likasimama chini ya miti. Gari la nyuma lilitupita kwa hasira, dereva wake akipiga kelele ambazo hatukuzisikia, kwa maana tulikuwa tumefunga vioo. Kule mbele, kwenye mteremko wa kona, alishika breki na taa zake za nyuma zikawaka. Mwalimu alilifuata kwa macho mpaka lilipopotea, na akainua vidole viwili karibu na kofia yake.

"Zote mbili," alisema.